Mwalimu wa Baba Yoramu

Mimi ni mzaliwa wa Milanzi, Mfipa pande zote mbili, na kwetu mkwe ni mtu wa kukaa naye. Baba yangu marehemu alikuwa akila ugali meza moja na wake za kaka zangu, anawatania na wao wanamtania, maisha yanaendelea. Halafu nikaolewa na Mnyakyusa. Andwele alikuja Sumbawanga akiwa kijana kutoka Tukuyu, fundi wa mashine za kusaga, akanikuta nauza ulezi Majengo, na kurudi kwao akasahau. Mume mzuri, sina la kusema. Ila hizo mila zao za mkwe, jamani, zimenitoa jasho.

Kwao mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Hamwamkii, hamtaji jina, hakai alipokaa, na mzee naye anamkwepa vilevile. Wala si uadui, ndiyo heshima yenyewe. Mwanangu Yoramu alipomleta Lydia, naye Mnyakyusa, tena aliyelelewa na bibi yake hukohuko Tukuyu, nikajua nimekwisha. Miaka minne nyumba yetu ya Katandala ilikuwa na watu wawili wanaopendana bila kuonana. Mzee akikohoa getini, Lydia anaacha mwiko sufuriani anatokea mlango wa uani. Lydia akiwa anafua, mzee anazungukia kwa jirani ndipo aingie ndani. Kila neno linapitia kwangu. "Mama, mwambie baba maji ya kuoga tayari." "Mama Yoramu, mwambie mwenzio asante." Nilikuwa simu ya nyumba hiyo, na hata simu huwa inazimwa.

Yoramu mwenyewe yuko bandarini Kasanga, anapakia mizigo ya Zambia na Kongo. Mwisho wa mwezi anakuja na samaki, ananikuta nahangaika katikati ya hao wawili, anacheka.

Tungezeeka hivyohivyo kama si chuo. Kampuni anayofanyia kazi mume wangu, ile ya unga wa Chapa Korongo, ilifungua chuo chake yenyewe ndani ya uzio wa kiwanda. Mimi nilishangaa. Nimezoea vyuo vya serikali na vya kanisa, sasa unga na chuo wapi na wapi? Lakini mkuu wa chuo, Bwana Wilibrodi, Mfipa mwenzangu aliyewahi kufundisha seminari na mpaka leo anaongea kama yuko mimbarini, alituita sisi wakulima tunaowauzia ulezi akatueleza.

"Watafiti wa serikali wana maarifa yao," alisema. "Vyuo vikuu vina vitabu. Sisi tuna mashine, na ninyi mna ulezi wenye mchanga. Kila mtu amejifungia kwake. Nchi haiwezi kubuni kitu cha maana kama hao wote hawaongei. Basi chuo hiki ni sebule. Tukutane, tuambiane ukweli, kitu kitengenezwe, kirudi shambani kifanye kazi."

Nilimwambia mchanga ule tusisemwe nao, maana ulezi tunaupura chini, juu ya sakafu ya udongo, kama mama zetu walivyoupura, alitegemea tuupure hewani? Akacheka, akasema ndiyo maana ananitaka darasani. Nikawa mwanafunzi, katika umri huu, mwakilishi wa wakulima.

Kumbe shida yenyewe ilikuwa inakuja nyuma. Ikatoka amri kwamba kila mkuu wa kitengo apite chuoni kabla ya mwaka kwisha, na asiyefaulu awapishe wengine. Baba Yoramu ni mkuu wa mafundi. Somo kubwa la mafundi ni kupima mashine na kuiboresha, na mwalimu wa somo hilo, aliyesomea uhandisi Mbeya, alikuwa mmoja tu. Lydia.

Siku aliyosikia, mume wangu alirudi nyumbani akakaa bila kuvua viatu.

"Mama Yoramu, naacha kazi."

"Unaacha kazi kwa sababu mke wa mwanao ana akili?"

"Naacha kwa sababu siwezi kukaa mbele yake. Ataniita jina niende ubaoni. Nitamtazama na nini?"

"Na macho."

"Wewe hujui mambo haya," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo hata hasira ikaniisha.

Kesho yake alikwenda kwa Wilibrodi akamwomba ampatie mwalimu mwingine, la sivyo atarudi Tukuyu akapande ndizi. Wilibrodi ni muungwana, mila za watu anaziheshimu. Akasema kuna mwalimu wa somo hilohilo kwenye tawi la Mpanda, wanaweza kubadilishana, huyo aje Sumbawanga na Lydia aende Mpanda. Ila itachukua muda, mpaka wakubwa wakubali. Lydia alipopelekewa habari hiyo hakubisha. Nilimkuta jikoni anachambua mchicha, machozi yanadondoka kwenye ungo.

"Mama, ni haki. Bora niende mimi kuliko baba apoteze kazi yake."

"Na mumeo? Kutoka Kasanga mpaka Mpanda atakuona lini?"

Akaendelea kuchambua mchicha. Nilikasirika, nawaambia. Upande huu mzee yuko tayari kuacha kazi asimvunjie heshima binti, upande ule binti yuko tayari kuacha nyumba yake asimvunjie heshima mzee, na kati yao hakuna anayeweza kumwambia mwenzake neno hata moja. Mmoja angeondoka, na yeyote atakayeondoka alikuwa ananiachia kidonda mimi. Nilimpenda yule msichana. Sikuzaa wa kike, na Mungu alinipa huyo akiwa mkubwa tayari, anajua kupika na kunicheka nikikosea namba za simu. Nisingekubali.

Ila kukubali au kutokubali kwangu nani aliuliza? Tukaanza masomo tukisubiri wa Mpanda.

Darasa lilikuwa ghala la zamani la magunia, lenye dirisha kubwa moja upande wa ua. Baba Yoramu alipata akili ya kukaa nje ya dirisha hilo, pembeni, na stuli yake, mgongo kwa ukuta, anasikiliza bila kuona wala kuonekana. Swali akiwa nalo anagonga fremu, mimi natoka, ananinong'oneza, narudi ndani nasema, "Mwalimu, kuna mtu anauliza kwa nini upime mara tatu wakati mara moja inatosha." Lydia anajibu akiangalia ubao. Nami natoka tena. Wenzetu darasani mwanzoni walifurahi kama wako sinema, baadaye wakazoea.

Ulikuwa mwezi wa Juni, na Juni ya Ufipa mnaijua, upepo unaingia mpaka kwenye meno. Mzee alikaa pale nje na koti lake, kofia imeshuka masikioni, wala hakosi kipindi. Siku moja Lydia aliingia na jiko la mkaa, nikadhani ni la kutupasha sisi joto. Akaliweka pale kwenye dirisha, karibu kabisa, joto lote likawa linatoka nje. Happy, yule binti wa kitengo cha kufungasha, mwenye mdomo, akauliza, "Mwalimu, sisi tulio ndani tumekosa nini?" Lydia akaendelea kuandika ubaoni. Mimi niliinama nikajifanya natafuta kalamu, maana nilitaka kulia.

Jioni hiyo, wakati namenya viazi, mzee akaniambia, "Mwenzio ni mtu."

"Nimwambie hivyo?"

"Usimwambie. Atajua."

Sasa kila fundi alitakiwa atengeneze kitu kinachotatua shida ya kweli, na mume wangu akachagua mchanga wa kwenye ulezi. Alitengeneza mashine ya chekeche tatu, moja juu ya nyingine, zinazotikiswa na mota. Aliipenda mashine ile. Usiku analala anaizungumza. Ili ajue inafanya kazi kiasi gani, alichukua ulezi safi wa kupepetwa, akapima mchanga, akauchanganya humo kwa mkono wake, akaupitisha, halafu akapima mchanga uliotoka. Karibu wote ulitoka. Akanituma niwapelekee hesabu, darasa zima likapiga makofi, na Bwana Wilibrodi akasema wageni wakija Alhamisi, mashine hiyo ndiyo itakayoonyeshwa. Wageni wenyewe walikuwa watafiti wa kilimo na watu wa serikali wanaoshughulika na ubunifu, wanatembelea viwanda kuona nini kinaweza kusaidiwa kikafika mbali.

Lydia peke yake hakupiga makofi. Aliangalia ile karatasi, akairudia tena.

Jumanne jioni aliniita jikoni. Alikuwa amechukua debe la ulezi wangu mwenyewe wa Milanzi, kama ulivyotoka sakafuni, akaupitisha kwenye mashine ile mafundi walipoondoka, akausaga, na sasa alikuwa amekoroga uji. Akanimiminia kikombe.

"Mama, onja."

Nikanywa. Ukasaga menoni, krr, mpaka sikioni. Nikamtazama, naye alikuwa anakunywa wake, anatafuna taratibu, anasikiliza meno yake.

"Mashine imeharibika?" nikauliza.

"Mashine ni nzima. Baba alijaribu na mchanga wa kujengea, ule wa kwenye lundo pale getini. Punje zake ni kubwa, chekeche inazikamata. Lakini mchanga wa sakafuni kwako ni mdogo, uko sawasawa na ulezi. Unapita nao pamoja." Akaweka kikombe chini. "Nilisema darasani wachukue ulezi wa mkulima kama ulivyo. Sijui kama nje ilisikika vizuri. Mama, mwambie baba kabla ya Alhamisi."

Pale ndipo niliposimama. Ukweli ni kwamba maneno niliyobeba muda wote huo nilikuwa nayapunguza makali njiani. Lydia akisema mzee amekosea, mimi namwambia mzee kuwa amebakiza kidogo. Mzee akisema hajaelewa kabisa, mimi namwambia Lydia anaomba arudie kidogo. Ndivyo nyumba ilivyokaa na amani. Lakini hili likipitia kwangu lingefika limekuwa maji. Tena namjua mume wangu, mimi nikimwambia mashine yake haifai, angejibu kuwa nimeudhika na jambo lingine.

"Hili sibebi," nikamwambia.

"Mama?"

"Sibebi. Mwambie mwenyewe."

Alinitazama kama nimemfukuza. "Siwezi. Mama, unajua siwezi. Bibi yangu akisikia..."

"Bibi yako hatakuwepo Alhamisi. Sisi tutakuwepo. Mzee atasimama mbele ya wale watu na mashine anayodhani inafanya kazi, watamwaga ulezi halisi, na uso wake utaanguka pale. Wewe ukiwa unajua. Hiyo ndiyo heshima?"

Akaanza kulia. Nilitaka kumkumbatia, nikajizuia, nikatoka nje nikajifanya naanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Moyo uliniuma sana, ila nilikuwa nimechoka.

Jumatano asubuhi sikwenda sokoni. Nilikwenda kiwandani nikasimama pembeni ya mlango wa karakana. Mume wangu alikuwa peke yake, ameinama anafunga nati kwenye mashine yake, anaimba wimbo wa kanisani kwao chinichini. Lydia akaja. Alikuwa amejifunika kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi. Aliniona, akapita, akaingia.

Alikwenda ukutani, kule zinakotundikwa spana, akampa mzee mgongo, akasimama anatazama zile spana.

"Baba, shikamoo."

Wimbo ukakatika. Karakana ile ina mlango wa nyuma, ni wazi, nao uko hatua chache tu kutoka pale alipokuwa. Nilimwona anautazama. Nikasema moyoni, Andwele, ukitoka hapo mimi na wewe tutaongea lugha nyingine. Hakutoka. Aligeuka taratibu akaielekea mashine, naye akampa binti mgongo.

"Marahaba," akaiambia mashine.

Nilishika mdomo. Lydia akaanza kusema, na alivyoanza hakusimama. Alisema mashine ni nzuri, imefungwa vizuri, haivuji wala haipotezi nafaka. Halafu akasema haitoi mchanga.

"Inatoa," mzee akasema. "Nimepima."

"Umepima mchanga wa kujengea."

"Mchanga ni mchanga."

"Hapana, baba."

Neno lile, hapana, lilikaa mle ndani. Nadhani hata yeye mwenyewe alishtuka. Nilimwona mzee anakaza mabega, nikajua sasa inakuja, maana mume wangu ana hasira fupi kama yangu. Lakini alifunga nati aliyokuwa nayo, akaifungua tena.

"Umejuaje?" akauliza.

"Nimeula."

"Umekula nini?"

"Mchanga, baba. Nilisaga ulezi wa mama uliopita kwenye mashine, nikapika uji, nikanywa wote mpaka nijue ni mchanga wa namna gani. Ni mdogo, wa duara. Ukiuweka kando ya ulezi huutofautishi kwa macho."

"Umekunywa uji wa mchanga kwa ajili ya mashine yangu?"

"Vikombe viwili."

Mzee akavua kofia. Akajipangusa uso nayo, akakaa nayo usoni muda mrefu kuliko jasho linavyohitaji. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ile aliyokuwa akinisemesha nayo zamani, kabla hatujazoeana.

"Sasa tufanyeje, mwalimu?"

Nikaondoka mlangoni. Yaliyobaki sikutakiwa kuyasikia, na sikuwa na la kuwasaidia. Nilirudi saa saba na chakula, nikawakuta bado wamepeana migongo, huyu mezani na yule kwenye mashine, wanaongea mambo ya uzito na upepo. Lydia alikuwa anasema mchanga ni mzito kuliko ulezi hata kama ni sawa kwa ukubwa, kwa hiyo chekeche peke yake haitoshi, apulizie upepo kutoka chini ili ulezi uelee na mchanga ubaki chini utafute njia yake. Mzee anabisha kwamba upepo utapeperusha na ulezi. Lydia anabisha. Mzee anabisha. Waligombana mchana kutwa kama watu waliokuwa na deni la maneno, na chakula changu kikapoa wakakila hivyohivyo, huyu kona hii na yule kona ile.

Ilipofika jioni feni ilikuwa imefungwa lakini haijatulia. Ikipuliza sana inamwaga ulezi, ikipuliza kidogo mchanga unabaki. Isingewezekana iwe tayari asubuhi. Nilimuuliza mume wangu kitandani atafanya nini, akasema atasema ukweli.

Alhamisi wageni walikuja na magari mawili, wamejifunga skafu, wanalalamikia baridi yetu. Bwana Wilibrodi alihubiri kuhusu sebule yake mpaka mmoja akapiga miayo. Kisha akamwita Baba Yoramu. Lydia alikuwa nyuma kabisa ya umati, nyuma yangu, amejifunika.

Mume wangu hakuwaonyesha hesabu zile nzuri. Alimwaga ulezi wangu kwenye mashine mbele yao, akaupitisha, akachota kiganjani, akampa mama mmoja mtafiti, mtu mzima mwenye miwani, akamwambia, "Tafuna." Yule mama akatafuna. Uso wake ukajikunja.

"Bado ina mchanga," akasema.

"Bado," akasema mume wangu. "Wiki iliyopita ningewaambia haina. Nilijipimia mchanga wangu mwenyewe nikajipa maksi. Nimesahihishwa. Sasa tumeweka upepo, na upepo nao bado unatushinda. Hapo ndipo tulipofika."

Bwana Wilibrodi alikuwa amebadilika rangi, nafikiri alikuwa anatubu. Lakini yule mama alisogea karibu, akainama akachungulia chini ya feni, akauliza hili, akauliza lile, akavua skafu kabisa. Akasema kila wanakokwenda wanaonyeshwa mashine zilizokamilika, halafu zikifika kijijini zinalala kwenye banda la mtendaji. Akasema wao wana kifaa cha kupima upepo wa namna hiyo na wana vijana wa kuja kukaa nacho, ila wanataka hapa pawe na mtu wa mashine na mtu wa hesabu watakaofanya nao kazi msimu mzima. Akauliza nani alimsahihisha.

Mume wangu akafungua mdomo, halafu akaufunga. Namna ya kumtaja hakuwa nayo. Jina la mke wa mwanawe lilikuwa halijapata kutoka mdomoni mwake.

Wilibrodi akaingilia kati, amefurahi kupita kiasi kwamba mambo hayakuharibika. Akasema hilo lisiwape shida wageni, na kwa bahati nzuri ana habari. Akamgeukia mume wangu akitabasamu kabisa, mtu anayedhani anampa mwenzake zawadi. "Mzee Andwele, ombi lako limekubaliwa. Mwalimu wa Mpanda anaripoti Jumatatu. Mwalimu Lydia atakwenda kule. Hutakaa tena nje kwenye baridi."

Watu wakapiga makofi kwa adabu, hawajui wanashangilia nini. Nyuma yangu nikasikia Lydia anavuta pumzi, basi. Nikataka kupiga kelele kwamba jamani ngojeni, nikajua si langu kusema. Nilishasema kwamba sibebi tena.

Mume wangu alisimama na mikono yenye grisi, anatazama chini. Kisha akasema, "Hapana."

"Unasema?" Wilibrodi akauliza.

"Ombi langu naliondoa. Niliomba mwalimu mwingine kwa sababu sikujua ninachoomba. Huyo wa Mpanda asumbuliwe kwa nini, abaki kwake." Akameza mate. "Miaka yote nimetengeneza mashine watu wakaniambia nzuri, nzuri. Mtu aliyeniambia haifai ni mmoja. Kama ni kufeli, huyo ndiye anifelishe."

Halafu akainua uso akatafuta kwenye watu. Alinipita mimi. Akamtazama yule msichana nyuma yangu, usoni, mbele ya watu wote. Mimi ndiye mkewe, najua ilimgharimu nini. Lydia alikuwa ameshika pindo la kitenge, nusu kalivuta, nusu kaliacha, na macho yake yalikuwa chini, halafu yakapanda.

"Mwalimu Lydia," akasema mume wangu. "Jumatatu tunaanza saa ngapi?"

Niligeuka kumtazama Lydia, kwa mazoea, nisubiri jibu nimpelekee mzee.

"Saa mbili, baba," Lydia akasema, juu ya bega langu, moja kwa moja kwake. "Usichelewe. Na ukae ndani."

"Nimesikia," akasema.

Nilibaki nimesimama katikati yao sina cha kubeba, nikalia mbele ya wageni.